Kontra haifi yenyewe

*Mwalimu wa inivasite asiporudishwa kazini na mfanyakazi wa mugodi asipoitwa tena, swali ni moja: nani aliamua, na juu ya nini?*

Jumapili iliyopita tulikutana Kanyaruchinya, kwenye barza ya nyumba ya mbao ya mama mwenzetu, karibu na barabara inayotoka Goma kwenda Rutshuru. Hatukuwa wengi. Tulikuwa sisi wa sendika ya migodi, tuliofanya kazi Masisi na Walikale kabla vita havijatuleta huku, pamoja na akina mama wanaopasua mawe ya volkano ili wauze kokoto. Chukudu zilipita na makala. Tulikuwa tunazungumza mambo yetu ya siku zote: nani amelipwa, nani hajalipwa, nani hajaitwa tena kazini.

Kijana mmoja alifika na bahasha ya kaki. Ni mtoto wa mwenzetu wa zamani, tunamjua tangu akiwa anasoma kwa taa ya petroli. Yeye ni asista katika chuo kimoja cha watu binafsi mjini. Kwa miaka minne alisaini kontra ya mwaka mmoja, kisha nyingine, kisha nyingine. Mwaka wa tano ulipoanza, hakuitwa kusaini. Alikwenda kutazama ratiba ya masomo ukutani, akakuta saa zake zimeandikwa jina la mutu mwingine. Alipouliza bironi, alijibiwa kwa upole kabisa:

«Hakuna mutu alikufukuza. Kontra yako njo iliisha.»

Miezi michache kabla ya hapo, alikuwa ametia sahihi kwenye barua ya waalimu waliodai mishahara yao iliyochelewa. Hatutaji chuo, kwa sababu maneno hayajasikilizwa na upande wa pili haujajieleza. Lakini papa mmoja, delege wa zamani wa mugodi, alitikisa kichwa akasema: «Mwanangu, hiyo neno tulishaisikia. Asubuhi unafika ku lango, jina yako haiko ku liste. Hakuna barua, hakuna matusi. Ni liste tu.»

Kijana alituuliza swali ambalo wengi wanaliuliza: je, mutu anaweza kwenda mahakamani wakati kontra imeisha kwa tarehe yake yenyewe? Tulimwambia kwamba yeye si wa kwanza kuuliza. Maprofesa wakubwa kuliko yeye walikwisha kuuliza, na majibu waliyopata yanatufaa hata sisi wa koleo na nyundo.

Nairobi: kazi iliyofutwa bila barua ya kufukuza

Tuanze hapa karibu. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mkuu wa idara ya fasihi. Mwaka 1977 yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa lugha ya Kikuyu, na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ wakaucheza wenyewe. Serikali ikausimamisha Novemba mwaka ule. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ alikamatwa, akafungwa katika jela ya Kamiti karibu mwaka mzima. Hakupelekwa mbele ya mahakama yoyote, hakusomewa kosa.

Aliachiliwa tarehe 12 Desemba 1978, baada ya Jomo Kenyatta kufariki na Daniel arap Moi kuchukua nafasi. Alidhani atarudi darasani. Hakurudishwa. Jibu alilopewa ni kwamba kazi yake ilikatika kwa tendo la serikali siku ile ile alipokamatwa. Wasomaji, pimeni hilo neno. Chuo kilikuwa kinasema: si sisi tuliokufukuza, kazi ilikufa yenyewe.

Sendika ya wafanyakazi wa chuo ilisimama upande wake na kudai arudishwe. Mwaka 1980 serikali ikaipiga marufuku sendika yenyewe. Mwaka 1982 Ngũgĩ akabaki ugenini, na hakufundisha tena Nairobi kama mwalimu wa pale. Katibu mkuu wa sendika ile, mwanasheria Willy Mutunga, naye alifungwa mwaka huo wa 1982 na kupoteza kazi yake ya kufundisha. Miaka ikapita. Waalimu wa vyuo vikuu vya Kenya hawakupata tena sendika iliyoandikishwa hadi mwaka 2003. Na mwaka 2011 yule Mutunga, aliyekuwa mfungwa, akawa Jaji Mkuu wa Kenya.

Tunaieleza hii habari si juu ya kujifurahisha na mwisho wake. Kijana mwenye watoto hawezi kungoja miaka thelathini. Tunaieleza kwa sababu inaonyesha mchezo wenyewe: mwenye nguvu hapendi kusema «nimekufukuza». Akisema hivyo, atadaiwa sababu. Anapenda kusema «imeisha».

Texas: miaka kumi, kisha mlango

Sasa twende mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kule ndiko mahakama ilikubali kuligusa swali hili waziwazi. Siku moja, tarehe 29 Juni 1972, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ile ilitoa hukumu mbili juu ya waalimu wawili wa vyuo vya serikali. Wote wawili walikuwa na kontra ya mwaka mmoja. Wote wawili hawakupewa nyingine. Mmoja alifunguliwa mlango, mwingine akaambiwa hana haki ya kusikilizwa.

Wa kwanza ni Robert Sindermann. Alikuwa amefundisha miaka kumi katika vyuo vya jimbo la Texas. Minne ya mwisho alikuwa chuo cha Odessa, kwa kontra nne za mwaka mmoja mmoja. Alikuwa pia rais wa chama cha waalimu wa vyuo vidogo vya Texas, na mara kadhaa aliacha darasa kwenda kutoa ushahidi mbele ya wabunge wa jimbo. Alitaka chuo chake kipandishwe kiwe cha miaka minne, na baraza la wakubwa wa chuo halikutaka. Mwezi wa Mei 1969 kontra yake ikaisha, baraza likapiga kura asipewe nyingine. Likatoa tangazo kwa magazeti kwamba alikuwa mtu wa kutotii. Lakini yeye mwenyewe hawakumwita ajieleze, wala hawakumwandikia sababu rasmi.

Akashitaki. Mahakama ya kwanza ikamwambia: kontra yako iliisha, na chuo hiki hakina mpango wa kumpa mwalimu kazi ya kudumu, basi nenda nyumbani. Hakukubali. Mahakama ya rufaa ikambeba, na mwishoni Mahakama ya Juu ikasema mambo mawili ambayo tungependa kila delege ayashike kichwani.

La kwanza: hata kama mutu hana haki ya kupewa kontra mpya, serikali haiwezi kumnyima juu ya maneno aliyosema kwa haki yake. Ni sawa na mwenye nyumba. Halazimishwi kukupangisha tena, lakini hawezi kukutoa juu ulitoa ushahidi.

La pili: mapatano si yale tu yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kontra. Kitabu cha mwongozo cha chuo cha Odessa kilikuwa kinawaambia waalimu kwamba chuo hakina mpango wa kazi ya kudumu, lakini wajione kama wanao, mradi wafanye kazi vizuri na kushirikiana. Sindermann alisema: mimi niliwaamini, na watu wote pale waliishi hivyo. Mahakama ikajibu kwamba desturi ya namna hiyo inaweza kuwa ahadi. Haikuamuru arudishwe kazini. Ilisema apewe nafasi ya kuthibitisha anayosema, na akithibitisha, chuo kitalazimika kumpa sababu na kumsikiliza.

Sisi watu wa mugodi tunaelewa hilo bila kusoma sheria. Ukienda shimoni kila Jumatatu kwa miaka mitatu, na kila Ijumaa msimamizi anakuambia «tuonane Jumatatu», ile «tuonane» si salamu tena. Watoto wako wanakula juu yake.

Wisconsin: mwaka mmoja tu

Wa pili ni David Roth, mwalimu wa mambo ya siasa katika chuo cha Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kufundisha. Kontra yake ilianza tarehe 1 Septemba 1968 na kuisha tarehe 30 Juni 1969. Kwa sheria ya jimbo, mwalimu alipata kazi ya kudumu baada ya miaka minne mfululizo. Yeye alikuwa na mmoja. Chuo kilimwambia mapema kwamba hatarudi, bila kumpa sababu.

Roth aliamini sababu anaijua. Mwezi wa Novemba 1968 chuo kilikuwa kimewaadhibu makumi ya wanafunzi weusi walioingia biro ya mkuu wa chuo kudai haki zao, na yeye alikuwa amewakosoa wakubwa. Lakini swali la maneno yake halikuwa mbele ya Mahakama ya Juu siku ile. Swali lilikuwa moja: je, chuo kilikuwa na deni la kumpa sababu na kumsikiliza? Mahakama ikasema hapana. Karatasi ilisema mwaka mmoja, hakuna sheria wala desturi iliyomwahidi mwingine. Kutamani kazi si kuwa na haki juu yake.

Kuna wenzetu watachukia kusoma hivyo, lakini tuseme ukweli. Si kila kontra inayoisha ni dhulma. Chuo kinahitaji kumpima mwalimu mpya. Mugodi unaweza kuhitaji watu mia mbili kwa kazi ya miezi mitatu, halafu kazi ikaisha kweli. Delege anayepiga kelele kwa kila jina lililotoka kwenye liste, siku moja hatasikilizwa na mutu. Tofauti ya Sindermann na Roth haikuwa nani alikuwa mwalimu mzuri zaidi. Ilikuwa ni kitu gani kila mmoja angeweza kuonyesha: miaka, mwongozo, desturi, mashahidi.

Sheria yetu inasema nini

Hapo kijana alituuliza: «Na huku kwetu?»

Huku kwetu, wasomaji, kwenye karatasi tuna zaidi ya alichokuwa nacho Sindermann. Yeye alilazimika kupigana ili desturi ihesabiwe. Sisi tunayo sheria iliyoandikwa. Code ya kazi ya Kongo ni sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Kipengele chake cha 41 kinasema kontra ya muda uliowekwa haiwezi kupita miaka miwili. Kinasema tena kwamba mfanyakazi hawezi kufanya na patro mmoja kontra za namna hiyo zaidi ya mbili, wala kuifanya upya zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi za msimu na kazi nyingine chache zinazotajwa. Patro akivuka hapo, kontra inageuka yenyewe kuwa ya muda usio na mwisho.

Tulimhesabia kijana kwa vidole. Kontra ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akanyamaza. Kwa miaka minne alikuwa akiomba kila mwaka kama mtu anayeomba maji, na pengine tangu karatasi ya tatu hakuwa tena wa kuomba. Tunasema pengine, kwa sababu chuo kinaweza kuleta hoja kwamba kazi yake iko kati ya zile zilizotengwa. Hiyo, tribinali njo itaamua, si sisi wa barzani. Na waalimu wa inivasite za serikali wasikimbilie Code hii, wao wana sheria yao ya mwaka 2018.

Kwa wafanyakazi wa siku kwa siku kuna kipengele cha 40, na hiki kila mtu wa migodini na wa kokoto akijue. Ukiwa umefanya siku 22 katika kipindi cha miezi miwili, halafu patro akakuandika tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kontra hiyo inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Siku 22! Kuna wenzetu wamebeba mifuko miaka sita, na bado wanaitwa «ba journaliers».

Na kontra ikiwa ya muda usio na mwisho, patro hawezi kuikata bila sababu ya haki. Kipengele cha 62 kinataja sababu zisizokubalika, na kuwa mwanasendika imo ndani. Kinachofuata kinasema aliyefukuzwa bila sababu ya haki anaweza kurudishwa kazini, na asiporudishwa alipwe fidia, isiyopita mishahara ya miezi 36. Zaidi ya hapo, nchi yetu, ikiitwa bado Zaire, ilikubali mwaka 1987 mapatano nambari 158 ya Shirika la Kazi la Dunia. Mapatano hayo yanataka kuwe na ulinzi, ili kontra za muda mfupi zisitumiwe kama njia ya kukwepa sheria za kufukuza.

Basi kwa nini watu wanaachishwa kila siku na hatuoni kesi? Kwa sababu sheria haitembei kwa miguu yake. Huwezi kuruka moja kwa moja mahakamani. Lazima kwanza ufike kwa enspekta ya kazi, ajaribu kuwapatanisha, na akishindwa ndipo tribinali inapokea. Hiyo inataka nauli, inataka siku za kukosa kazi nyingine, inataka moyo. Wengi wanasema: nikishitaki hapa, nani ataniandika pale? Tunawaelewa. Lakini madai yanazeeka, na ya mshahara yanazeeka upesi kuliko mengine. Anayengoja hasira ipoe, mara nyingi anakuta na haki imepoa.

Kushinda si mwisho

Hatutaki pia kudanganya mutu kwamba hukumu ni mkate. Kampala, mwaka 2018, baraza la rufaa la wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha Makerere liliamuru mtafiti Stella Nyanzi arudishwe kazini, baada ya kusimamishwa mwaka 2017. Chuo hakikumrudisha. Alikuwa na karatasi ya ushindi mkononi, na lango limefungwa. Ndiyo maana tunasema mutu asiende peke yake. Hukumu inatekelezwa upesi zaidi patro anapojua kuna watu wanaihesabu siku.

Bahasha

Tulimwomba kijana afungue bahasha yake. Mlikuwa na kontra tatu, barua ya kwanza ya kumwita kazini, ratiba za masomo za miaka miwili, na picha ya barua ya mishahara. Kontra ya tatu haikuwemo. Alisaini, biro ikabaki na nakala zote mbili, akaambiwa atapewa baadaye.

Mama mwenye nyumba akasema: «Hata wewe uko na bahati.» Tulijua anachosema. Kanyaruchinya ni mahali ambapo watu wamekimbilia, na wamekimbia kutoka, zaidi ya mara moja: mwaka 2012, tena mwaka 2022. Kati ya hapo, Mei 2021, Nyiragongo ikateremsha moto na kumeza nyumba jirani. Kuna papa aliyefanya kazi miaka kumi na tisa, ushahidi wake wote ulikuwa ndani ya sanduku la bati. Sanduku liko chini ya jiwe jeusi sasa. Mwanamke anayekimbia na mtoto mgongoni habebi kontra, anabeba sufuria.

Kwa hiyo tunaomba kitu kidogo. Usisaini karatasi bila kupata nakala yako siku hiyo hiyo. Ukikataliwa, andika tarehe na jina la aliyekukatalia. Piga picha kwa simu, mtumie ndugu aliye mji mwingine. Siku unazofanya kazi, ziandike kwenye daftari la mtoto, mstari mmoja kila siku, na mwenzako atie sahihi kila juma. Siku 22 bila daftari ni maneno. Siku 22 zenye daftari ni kesi.

Kijana alikuwa amewaomba waalimu watatu wenzake waseme kwamba walimwona akifundisha mwaka ule ambao karatasi yake haipo. Wawili wamekubali. Wa tatu alimwambia hapana, na akamwomba asimchukie: kontra yake mwenyewe inaisha mwezi wa saba, na ana watoto wanne. Hatukumlaumu. Mutu huyo hajafukuzwa, hajatishwa, hajaambiwa neno. Tarehe iliyo chini ya karatasi yake inatosha kumfunga kinywa. Ndiyo kazi hasa ya kontra fupi, na ndiyo sababu hatukubali kuambiwa kwamba inaisha tu.

Alhamisi tutamsindikiza kijana kwa enspekta ya kazi. Tutakuwa watano, na bahasha. Enspekta akituuliza watu wa migodi tunatafuta nini katika maneno ya inivasite, tutamjibu kwamba liste ile ile ndiyo inayosomwa kwenye malango yote mawili.